Santuri Ndani ya Nailoni

Bwana Shekue, tajiri wa mkonge, alimjia Mwanakheri, muuza santuri wa Ngamiani, akiikodolea macho santuri ya kale ya taarabu ya muuzaji huyo.

"Nipe hiyo, nikupe toleo jipya la nyimbo zilezile. Sauti safi zaidi, na bado imo kwenye nailoni. Ikifunguliwa tu, bei inashuka nusu."

"Nitazipiga nyuma ya pazia, bwana mkubwa. Ukiitambua yako, chukua zote mbili. Ukikosea, niachie yako."

"Masikio yangu hayadanganyiki. Fungua!"

Santuri ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Ya pili ndiyo yangu!" alitamba Shekue. "Sikia inavyotiririka!"

Mwanakheri akafunua pazia. Toleo jipya lilikuwa bado kwenye nailoni yake.

"Umesikia ya kale mara mbili, bwana mkubwa. Hii sikuifungua. Nani hushusha bei ya mali yake mwenyewe?"