Randa Imekuuma Wapi?

Mwanamke mmoja alikuwa na karakana ya kutengeneza zana za maseremala, na mtumishi wa kumsemea kwa watu. Mwanamke aliitwa Namsifu, mtumishi aliitwa Mbonea. Karakana ilitazamana na kijiwe ambapo maseremala wa mji ule walikutana kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Walikunywa kahawa, wakataniana, wakapeana habari za mbao na za wateja wasumbufu. Kijiweni hapo ndipo zana mpya ilipopata jina au ilipofia. Hapakuwa na mahali pengine.

Namsifu alikuwa ametengeneza randa. Aliifua akaivunja, akaifua tena akaivunja tena, mpaka ikatoka moja aliyoipenda, akafua nyingine kadhaa za mfano huo. Ilipita juu ya mninga mkavu ikauacha laini, hata msasa ukakosa kazi. Kila alichokuwa nacho alikitia ndani ya randa ile, na kama mafundi wangeikataa, angefunga karakana akarudi kulima shamba la kaka yake. Hilo alilijua vizuri na lilimnyima raha. Lakini hakuwa mtu wa maneno. Mbele ya kundi la watu alibabaika, akasahau hata jina la kitu alichokishika. Ndiyo maana alimchukua Mbonea.

Mbonea jamani! Sijui nimweleze vipi mpate kumwona. Alikuwa mtu mzima aliyelelewa katika nyumba ya wasomaji, akisikia vitabu vikisomwa kutwa nzima, na hakukuwa na usemi wa watu asioujua. Angeweza kutoa nasaha za harusi bibi arusi akatoa machozi. Angeweza kumlilia marehemu asiyemjua, na wafiwa wakamshukuru. Hakununa. Hakuchoka. Ukimkosoa mara kumi kwa siku alijibu vilevile, "Sawa, mama," na uso mkunjufu. Ila mikono yake ilikuwa laini, kwani hakuwahi kushika hata nyundo. Na alikuwa na udhaifu ambao Namsifu aliuona mapema akaucheka tu: hakuweza kuacha swali la mtu bila jibu. Hakuwa na hila, maskini. Aliona tu vibaya mtu aulize halafu aondoke mikono mitupu.

Siku ya kwanza alivuka barabara, akapanda juu ya kreti la soda, akanyoosha mkono. "Enyi mafundi watukufu! Je, mmechoka kuhangaika na randa butu? Mapambazuko mapya ya useremala yamewadia!" Mafundi wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini akauliza kwa upole ni nani aliyefariki. Namsifu, aliyekuwa dirishani, alijifunika uso kwa kanga, asijue kama analia au anacheka.

"Mwanangu," alimwambia aliporudi, "pale si kwenye mkutano wa hadhara. Wale ni watu wanakunywa kahawa yao. Ongea kama wao."

"Sawa, mama."

Kesho yake aliongea kama wao. Alisema, aisee wanangu, hii randa aisee, yaani aisee ni noma, aisee. Mafundi walicheka mpaka kahawa ikawapalia, lakini hakuna aliyeitazama randa. Namsifu akamwambia apunguze, aseme kwa kifupi. Siku iliyofuata Mbonea akasimama mbele yao akasema, "Randa. Kali. Njooni." Kisha akangoja, kama mtu aliyeita kuku. Mnacheka ninyi, lakini mkumbuke alifanya alichoagizwa, hakupunguza wala hakuongeza.

Namsifu hakumfukuza. Alikwisha kumpenda. Kila akimaliza kazi alimkalisha kwenye ubao wa kufanyia kazi, akamfundisha taratibu kama mtu anavyomfundisha mgeni wa mji njia ya sokoni. Usianze kwa swali ambalo jibu lake unalo mfukoni. Usisifu kila unapofungua mdomo. Jitanie kidogo. Simulia jambo dogo lililotokea, si mambo yote. Ukimaliza, kaa kimya, mwenzako naye aseme. Mbonea alisikiliza kwa macho yake yote, na haukupita muda akawa anaongea kama aliyezaliwa kijiweni. Alijua kukuna kichwa kabla ya utani. Alijua kumwachia mwingine neno la mwisho. Mafundi wakaanza kumsogelea, wakaanza kumwita kwa jina, na wawili watatu wakachukua kila mmoja randa yake wakaenda nazo kazini. Namsifu aliimba siku hiyo, na huwa haimbi.

Lakini kuna jambo hakumfundisha. Randa ile ilikuwa na kasoro. Ubao ukiwa mkavu, hakuna mfano wake. Ubao ukiwa mbichi, maranda yalijazana mdomoni mwake, pale wembe unapotokeza, yakakwama, na fundi akilazimisha, iliruka ikamrudia mkononi. Ilikwisha kumrukia Namsifu mwenyewe alipokuwa akiijaribu, na kovu lilikuwa pale katikati ya kiganja. Aliijua kasoro hiyo, akaificha. Alijiambia kwamba habari njema zikishaenea vizuri, hizo nyingine zitajisemea zenyewe.

Basi, kijiwe kile kilikuwa na desturi yake. Fundi akiisifu zana, wenzake humwuliza, "Imekuuma wapi?" Naye hunyoosha mkono akaonyesha lengelenge, au kovu, au ukucha mweusi, kisha akaeleza ilivyokuwa. Asiye na pa kuonyesha hajaitumia bado, na sifa zake huchukuliwa kama salamu tu. Mgeni haulizwi swali hilo. Huulizwa mtu wa nyumbani. Kwa hiyo wakati Mbonea alipokuwa akipanda kreti na kuita mapambazuko, hakuna aliyemwuliza. Ni pale alipoanza kuongea vizuri, pale walipompenda, ndipo fundi Kiangi, mtu mnene mwenye sauti ya chini aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi, aligeuka akamwuliza kama anavyomwuliza ndugu:

"Imekuuma wapi, Mbonea?"

Mbonea alitafuta jibu. Aliyajua maneno yote ya kijiwe, na majibu yote ya swali hilo alikwisha kuyasikia. Akakificha kidole kimoja ndani ya ngumi akasema, "Kidole hiki. Juzi, nikitengeneza mlango." Akaeleza mlango ulivyokuwa, na ubao ulivyompa shida, na alivyoruka akatukana. Aliieleza vizuri, jamani. Mafundi walicheka wakatikisa vichwa, wakamgonga begani. Kiangi alicheka pia, akasema kesho atamletea dawa, maana jeraha la chuma halichezewi.

Namsifu alisikia kila neno kutoka dirishani. Alijua hakuna mlango. Alijua hakuna kidole. Barabara ilikuwa nyembamba, angeivuka kwa hatua chache. Lakini watu walikuwa wanasogea, na kwa mara ya kwanza kijiwe kizima kiliitaja randa yake kwa furaha. Akainama akaendelea kupiga tupa.

Asubuhi yake Mbonea alikwenda kijiweni akiwa amefunga kitambaa kidoleni. Kiangi alikuwa hajasahau. Alikuja na jani la mshubiri kutoka nyumbani kwake, na chupa ndogo ya mafuta, na kitambaa safi ambacho mkewe alikifua kwa ajili hiyo. Alimkalisha Mbonea benchini, akaushika mkono wake, akaanza kufungua kitambaa polepole asimtoneshe. Alifungua mzunguko mmoja, akafungua mwingine. Wenzake walikuwa wakitania. Kisha wakaacha.

Kidole kilikuwa kizima, laini kama cha mtoto mchanga.

Kiangi alilitazama jani la mshubiri, akaliweka chini. Akakikunja kile kitambaa safi akakirudisha mfukoni, akasogea akakaa mbali. Hakuna aliyemtukana Mbonea, na hakuna aliyemsemesha. Kabla kahawa haijaisha, wale waliokuwa wamechukua randa walivuka barabara mmoja mmoja wakaziacha mlangoni kwa Namsifu. Wa mwisho alikuwa na kiganja kilichofungwa kitambaa, na cha kwake kilikuwa na damu. Alikuwa ameranda ubao mbichi jana yake, akiamini sifa alizosikia. "Bi Namsifu," alisema, "ungetuambia tu." Akaenda zake.

Namsifu alikaa chini sakafuni katikati ya randa zake. Mbonea akaja akasimama mbele yake, kitambaa bado kinaning'inia mkononi. Namsifu alikuwa na hasira naye, kweli alikuwa nayo, na alikuwa ameyaandaa maneno makali. Akamwuliza kwa nini.

"Mama, uliniambia niongee kama wao," alisema Mbonea. "Wao wote wana kidonda. Mimi hukunipa."

Hasira ikamwisha hapo hapo. Alimtazama mtumishi wake, aliyefuata kila agizo, ambaye mikono yake haikuwa kosa lake, na akaona haya kwa ajili ya nafsi yake. Alikuwa amempa utani wa mafundi, na namna yao ya kutua katikati ya maneno, na kicheko chao. Kovu lililokizaa kicheko hicho hakumpa. Akafungua kiganja chake, akamshika Mbonea kidole kile kizima, akakipitisha juu ya kovu mara moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akamweleza habari za ubao mbichi. Kisha akachukua randa na ubao uliolowa akaranda mbele yake mpaka maranda yakakwama, ili aone kwa macho. Wakakaa hivyo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza Mbonea ndiye aliyeuliza maswali.

Kulipokucha Mbonea alivuka barabara. Hakupanda kreti. Hakusema aisee hata moja. Alisimama pembeni akiwa ameishika randa kwa namna ya mtu asiyejua kuishika, na mafundi wakaendelea kunywa kahawa yao. Namsifu dirishani aliacha kupiga tupa. Walimwacha asimame mpaka ikawa aibu. Mwisho Kiangi, bila kumtazama, akauliza, na haikuwa kwa upole:

"Imekuuma wapi?"

"Mimi haijaniuma, fundi. Sijawahi kuitumia, na mlango ule haukuwapo. Imemuuma mama yangu, hapa, katikati ya kiganja. Ubao ukiwa mkavu mtaipenda kama yeye anavyoipenda. Ukiwa mbichi, acheni, itawauma na ninyi."

Namsifu akatoka nje, akavuka barabara aliyoshindwa kuivuka juzi, akasimama kando ya Mbonea. Hakuwa mtu wa maneno. Alifungua kiganja tu. Kiangi akaliangalia kovu kwa makini, kama fundi anavyoangalia kiungo cha mbao. Akaichukua randa, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mdomo wa randa, akanung'unika kwamba pale pangetanuliwa kidogo maranda yangepita. Halafu akasogea kwenye benchi, akawaachia nafasi wote wawili.

Na ninyi mnaonisikiliza, mnatengeneza zana za mafundi wa kompyuta, na kijiwe chenu kimo ndani ya simu. Mnaye Mbonea wenu, ile akili bandia, naye hana mikono kabisa. Mkimwagiza awaandikie maneno mepesi ya kuwaambia wenzenu, anasema sawa, na hachoki. Mpendeni, anastahili. Lakini kabla hajavuka barabara, niambieni ukweli: mmemfundisha kucheka kama wenzenu, je, kovu lenu mmemwonyesha?