Kikapu cha Bi Pimbi Ndani ya Mwamba

Hadithi, hadithi! Mchele wangu umejaa chuya, mgongo unaniuma, nanyi mmejipanga hapo kama kuku wanaongoja makapi. Haya, kaeni. Wewe, toa kidole puani. Nasema mara moja tu.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na tuzo tatu kila mwaka. Moja ya hadithi fupi ya kubuni. Moja ya mwanafunzi hodari. Na kubwa kuliko zote, ya habari ya kweli iliyowafaa wengi. Mshindi wa hiyo, mwanawe alisomeshwa bure kwa Mwalimu Bundi miaka mitatu.

Bi Pimbi aliitaka tuzo hiyo kuliko chakula. Binti yake, Kitunda, alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa ada, na Mwalimu alisema ya tatu ndiyo ya mwisho.

Mwaka huo watoto wakaanza kuharisha. Wakubwa wakasema ni matunda mabichi. Pimbi hakuridhika. Akajipenyeza ndani ya mwamba, kule inakotoka chemchemi, akakuta mzoga umeoza majini. Akatoka mbio, hata kikapu chake akakisahau humo ndani.

"Chemsheni maji!" akapita akisema nyumba kwa nyumba.

Wakamcheka. "Kidudu hiki kinajua nini?"

Basi akaandika yote kwenye gome la mti, akampelekea Bwana Nyati, mpokeaji wa kazi za tuzo.

Siku ya kutangaza ikafika. Bi Twiga, mwamuzi mkuu, akaliinua gome juu. "Habari bora ni ya mzoga ndani ya chemchemi. Mwandishi, Bwana Nyati!"

Pa! pa! pa! Makofi. Na siku hiyohiyo kila jiko likachemsha maji.

Kitunda akamvuta mama yake. "Mama, si yako hiyo? Sema basi!"

"Nyamaza. Nani ataniamini?"

"Lakini kesho Mwalimu anafunga daftari la majina!"

"Najua, mwanangu. Najua."

Sasa, kulikuwa na desturi. Kabla ya kukabidhiwa tuzo, mwandishi huwatangulia waamuzi kwa miguu, awaonyeshe alikopita. Nyati aliijua desturi. Njia ndiyo hakuijua. Alasiri hiyo, du! du! du! mlangoni kwa Pimbi.

"We mama mfupi!"

"Karibu, Bwana. Hongera."

"Usinitanie. Ukifungua mdomo, nailalia hii nyumba yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Uliingilia wapi?"

Kitunda alikuwa kajibanza nyuma ya mtungi. Pimbi akajibu, "Nyuma ya mwamba, penye mkuyu. Kuna uwazi."

"Mpana?"

"Bwana, mimi niliingia mbio, na sikugusa ukuta huku wala huku."

"Ehee! Basi ni barabara hiyo!"

"Na waamuzi hawapendi mtu wa kusitasita. Wanapenda anayeingia kwa kishindo."

"Kishindo unanifundisha mimi?" Akaondoka akicheka.

Usiku ule Pimbi hakulala. Je, kama Nyati atatuma mtu akautazame uwazi kwanza? Je, kama atamgeukia?

Asubuhi wote wakakusanyika penye mkuyu. Mtoto wa Nyati alikuwa ameshavishwa sare mpya.

"Tazameni mwandishi anavyofanya kazi!" Nyati akainamisha kichwa, akatimua mbio. Gudu-gudu-gudu, KWAA!

Kichwa na mabega ndani. Matako nje.

"Bwana Nyati," akauliza Bi Twiga, "siku ile ulipitaje?"

Sauti ikatoka mwambani. "Siku ile... nilikuwa nimekonda!"

"Ukanenepa kwa siku ngapi?"

"Mke wangu ananilisha sana!"

Watu wakaangua kicheko. Pimbi hakucheka. Akasogea. Teke moja tu la Nyati, na Kitunda angebaki yatima.

"Samahani, Bwana, umenizibia njia." Chwi! Akapita chini ya tumbo, chini ya kidevu, akapotelea ndani.

Kitunda akajiuma kidole.

Chwi! Pimbi huyo, kalowa chapachapa, na kikapu mkononi.

"Kikapu cha Pimbi hicho!" jirani yake Swala akapiga kelele. "Ukili ule mwekundu nilimpa mimi!"

Bi Twiga akaishusha shingo yake ndefu hadi ukutani. "Nyati, habari hii aliiandika nani?"

"Pimbi! Ni Pimbi! Nitoeni!"

"Ungeiingiza kwenye hadithi za kubuni hiyo ya kukonda. Bahati mbaya muda umepita."

Wakamshika mkia. "Haya, vuta! Vutaaa!" Pwaa! Akatoka, ngozi ya mabega ikabaki mwambani.

Kwa hiyo, nyie wa kunakili kazi za wenzenu darasani, mwizi wa maneno iko siku ataulizwa njia aliyopita mwenyewe.

Na msidhani ngozi ile ilitosha. Jina la Kitunda liliandikwa daftarini siku hiyohiyo, na Nyati akahukumiwa kumbeba kwenda shule na kurudi, miaka yote mitatu, juu ya mabega yaleyale yenye vidonda. Na yule mtoto njia nzima alisoma kwa sauti, na kila alipokosea, alianza upya.