Juu Themanini na Nane, Chini Sitini na Moja

Mok Pak-kiu hakuwa na gari, wala hakuwa na leseni ya kuendesha hata pikipiki. Hakuwa na shahada. Elimu yake aliichuma jioni baada ya kazi, katika darasa la watu wazima lililokuwa juu ya duka la samaki wakavu. Hakuwa na mke tena, kwani mkewe alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita. Hakuwa na nafasi: chumba chake huko North Point kilikuwa kidogo hata akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Na jambo la mwisho ambalo hakuwa nalo, naye hakujua kwamba hana, ni kiuno cha kuinama.

Alichokuwa nacho ni mabasi. Si mabasi yoyote, bali yale ya Kampuni ya Hoi Tung, mabasi mia moja na ishirini ya ghorofa, kijani cha jani la mgomba chini na rangi ya maziwa juu. Hayakuwa na kipoza hewa. Watu wa Hong Kong waliyaita "mbwa moto," kwa jinsi yalivyowachemsha abiria wakati wa joto. Kampuni ilikuwa imefunga milango yake miaka ishirini na minne iliyopita, na mabasi yake yalikatwakatwa yakawa chuma chakavu. Lakini kipendacho roho hula nyama mbichi. Mzee Mok, aliyepanga barua za watu posta kwa miaka thelathini na minne, aliandika habari za kila basi katika daftari lake: lilinunuliwa lini, lilipita njia gani, lilikufa wapi. Ukimwekea kanda yenye mngurumo wa injini, alifumba macho na kusema, "Hili ni la fungu la pili. Linapanda kilima cha Shau Kei Wan kwa gia ya pili, na dereva ana haraka ya kwenda msalani." Watu waliangua kicheko, lakini hakuna aliyembishia.

Basi moja tu lilisalia. Chama cha Wapenzi wa Hoi Tung, ambacho Mzee Mok alikuwa mwenyekiti wake, kililinunua na kuliweka katika kiwanja cha kukodi huko Yuen Long. Ubavuni lilikuwa na namba 88. Wanachama waliona fahari isiyo kifani, maana kati ya mabasi mia na ishirini, lililonusurika ndilo lenye nane mbili, namba ya neema! Kila Jumapili walilisugua, wakalipaka rangi, wakala vikeki vya yai kwenye viti vyake huku wakikumbushana vituo vya njia namba 12. Sasa maadhimisho ya miaka ishirini na mitano tangu kampuni ifungwe yalikuwa yanakaribia. Walikusudia basi lipite tena njia hiyo, siku moja tu, likiwa na madereva wa zamani waliobaki hai. Waliobaki hai walikuwa tisa, na mwaka uliotangulia walikuwa kumi na wanne. Kwa hiyo kila mtu alijua kuwa safari hiyo haiwezi kungoja mwaka mwingine.

Jumapili moja chama kilifungua kiwanja kwa wageni. Miongoni mwao alikuja bibi mmoja mfupi, mwenye nywele nyeupe kama pamba, akiburuta mkoba wa sokoni wenye magurudumu. Aliandika jina lake katika kitabu cha wageni, akapewa chai ya maziwa, kisha akalizunguka basi polepole. Alipofika mbele, aliinama mpaka kichwa kikawa chini ya magoti, akachungulia uvunguni, akacheka.

"Hee! Sitini na moja! Kumbe bado uko hai, mwanangu?"

Mzee Mok, aliyekuwa akiwaeleza wageni kumi na watano habari za madirisha, aligeuka. "Bibi, hili ni themanini na nane. Tafadhali soma pale ubavuni."

"Nimesoma. Hapo ni juu. Mimi naongea na la chini."

"Basi ni moja, bibi, halina la juu na la chini. Na sitini na moja lilikatwa. Ninayo tarehe."

"Baki na tarehe yako, mzee. Mimi niliyaosha matumbo ya mabasi haya miaka kumi na tisa, nikisimama chini yake katika shimo la karakana. Mtu hasahau tumbo aliloliosha."

Wageni walitabasamu. Mzee Mok akaona kwamba wanatabasamu upande wa bibi, na damu ikampanda. Ulimi hauna mfupa. "Ndiyo, mama," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "lakini kazi yako ilikuwa kuyaosha, si kuyasoma."

Watu walicheka. Bibi alikirudisha kikombe chake mezani, chai ikiwa imejaa vilevile kama alivyopewa, akaburuta mkoba wake akaenda zake.

Hazikupita wiki mbili, barua ikaja kutoka ofisi ya leseni, ambako chama kilikuwa kimeomba kibali cha basi kupita barabarani siku hiyo moja. Ilisema kwamba namba ya chesisi, yaani ya fremu ya chini inayobeba mwili wa basi, aliyoandika mwenyekiti hailingani na kumbukumbu zao, ambazo zilionyesha namba inayoishia na 307. Chama kilete alama ya namba iliyochongwa kwenye chesisi yenyewe, iliyochukuliwa kwa penseli juu ya karatasi, pamoja na maelezo yaliyotiwa saini. Muda ni siku kumi. Ukipita, ombi linafutwa.

"Wamekosea," alisema Mzee Mok. "Makarani wa siku hizi hawajui basi na bafu."

"Huenda," alijibu Kwong Siu-lam, dereva wa teksi, ambaye ndiye pekee chamani aliyekuwa na leseni ya magari makubwa. "Basi tuichukue hiyo alama, tuwafunge mdomo."

Lakini namba haikuonekana. Kwong alilala chini ya basi akatafuta mahali ambapo mabasi yote ya fungu la 88 yalichongwa, nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Alikwangua lami na grisi mpaka akafanana na mchoma mkaa. Palikuwa patupu. Wakajaribu tena Jumatano, tena Alhamisi. Mzee Mok alisimama kando na daftari lake akitoa maelekezo, suruali yake imenyooshwa kwa pasi.

"Mzee," alisema Kwong akitambaa kutoka uvunguni, "yupo mtu mmoja tu anayelijua tumbo la basi hili, na wewe ulimwambia hajui kusoma. Fulana mia mbili tumechapisha, madereva tisa wameshanunua viatu vipya, na muhuri wa ofisi unasubiri ulimi wako. Utafanyaje?"

"Nitaandika barua ya kulalamika."

"Andika. Sisi tutaipanda hiyo barua kwenda Shau Kei Wan."

Mzee Mok alirudi nyumbani akiwa amenuna. Hata hivyo alikuwa amechukua kitabu cha wageni, na alipokifungua mezani aliliona jina kwa maandishi manyoofu, yasiyo na kosa hata moja: *Ngan Choi-ha, mwosha mabasi, Hoi Tung, shimo la tatu.* Chini yake palikuwa na anwani ya Tuen Mun. Aliyatazama maandishi yale kwa muda mrefu. Yalikuwa mazuri kuliko yake. Aliwafikiria madereva tisa na viatu vyao vipya, akaona aibu.

Kesho yake asubuhi alipanda basi jipya lenye kipoza hewa, baridi kama jokofu la buchani, akiwa na boksi la vikeki vya yai mapajani. Bi Ngan alimfungulia mlango nusu.

"Mwenyekiti! Umekuja kunifundisha kusoma?"

"Nimekuja kukuomba tukanywe chai, bibi."

Bi Ngan alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Chai sikatai. Chini hapo kuna mkahawa. Lakini leo utamimina wewe."

Mkahawa ulikuwa umejaa, vikapu vya maandazi ya mvuke vikipishana juu ya vichwa. Mzee Mok alimimina chai. Kisha akasimama wima, mbele ya watu wasiomjua, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa mpaka kikawa chini ya kichwa cha yule bibi aliyeketi. Watu wa meza za jirani wakageuka kutazama. Mzee anayemwinamia mtu na kikombe cha chai si jambo la kila siku.

"Bi Ngan, nilikuvunjia heshima mbele za watu. Naomba unisamehe mbele za watu."

Bi Ngan hakukipokea kikombe mara moja. Alikiacha hewani mpaka chai ikamwagikia Mzee Mok kwenye shati lake lililopigwa pasi. Ndipo akakitwaa, akanywa chote, akakiweka chini. Kisha akagonga meza kwa vidole viwili: ngo, ngo. Mzee Mok alishusha pumzi. Kugonga kule ni shukrani, na shauri limekwisha.

"Kaa, mzee, mgongo wako unalia mpaka nausikia," alisema Bi Ngan, akichagua kikeki kikubwa kuliko vyote. "Sasa sikiliza. Themanini na nane lilipata ajali, chesisi ikapasuka. Wakati uleule sitini na moja lilikuwa karakanani, mwili umeoza kwa kutu, lakini chesisi nzima. Mafundi wakauchukua mwili wa themanini na nane, wakauvika miguu ya sitini na moja. Namba ya ubavuni ikaufuata mwili. Karatasi za leseni zikaifuata chesisi."

"Daftari langu linasema sitini na moja lilikatwa."

"Lilikatwa juu. La chini ndilo linalokubeba wewe na vikeki vyako kila Jumapili." Alicheka mpaka mabega yakacheza. "Wewe hukuongopa. Ulilisoma la juu, ukalisoma vizuri. Ila hukuwahi kushuka shimoni. Mnaitafuta namba wapi?"

"Nyuma ya gurudumu la kulia."

"Hapo ni pa themanini na nane! Fungu la sitini na moja lilichongwa kushoto, juu ya springi, mahali ambapo mkono hufika lakini jicho halifiki mpaka ulale chali."

Alasiri hiyo walikuwa kiwanjani, zikiwa zimebaki siku mbili. Kwong alianza kuvua shati, lakini Mzee Mok alimzuia. "Hapana. Niliyelikataa ni mimi, nitakayelitafuta ni mimi." Alitandika kadibodi, akapiga magoti kwa kishindo, akalala chali, akajisukuma uvunguni na suruali yake ya pasi. Bi Ngan alichuchumaa kando akimwelekeza.

"Panda juu kidogo. Hilo ni bomba, mzee, usilikwangue, halijakukosea kitu! Kushoto... hapo."

Mzee Mok alisugua kwa brashi ya waya. Lami ilimdondokea shavuni. Pole kwa pole, chuma kikang'aa, na namba zikajitokeza moja baada ya nyingine kama nyota za jioni, hadi tatu za mwisho: tatu, sifuri, saba. Alibandika karatasi, akasugua kwa penseli, na zote zikatoka. Chini ya basi ikasikika sauti ya mzee akicheka peke yake.

Alipotoka, mweusi kuanzia kofia hadi viatu, Kwong aliitazama karatasi na kupiga makofi kwa furaha. Halafu akakuna kichwa. "Mzee, namba tupeleke. Ila kwenye maelezo tuseme tu ni kosa la uchapaji. Kuna fulana mia mbili zinazosema themanini na nane. Nani atalala chini ya basi kuhakiki?"

Mzee Mok alijifuta uso, akazidi kuuchafua. "Miaka ishirini na minne nimejidai kuyajua mabasi haya, na sikuwahi kulala chini hata ya moja. Tutaandika ukweli. Na fulana utachapisha sitini na moja mgongoni, chini."

"Chini wapi?"

"Pale unapokalia."

Bi Ngan alicheka mpaka akajishikilia kwenye gurudumu.

Wakaketi ndani ya basi, na Mzee Mok akaandika. Alieleza jinsi basi moja lilivyozaliwa kwa mabasi mawili, na jinsi yeye mwenyekiti alivyokosea, na kwamba aliyemsahihisha ni Bi Ngan Choi-ha, mwosha mabasi wa shimo la tatu. Akaisoma kwa sauti.

"Umesahau miaka yangu," alisema Bi Ngan. "Kumi na tisa."

Akaiongeza. Wakatia saini wote wawili, jina la bibi likiwa juu na la mwenyekiti chini. Alikunja barua pamoja na ile karatasi ya penseli, akalamba gundi ya bahasha, akaifunga na kuipitishia kidole gumba mara mbili, kama mtu aliyezishika barua za wenzake maisha yake yote. Sanduku la posta la kijani lilikuwa nje ya lango, na mdomo wake ulikuwa chini, usawa wa mapaja. Mzee Mok aliinama bila kuambiwa, akaitumbukiza bahasha kwa mikono miwili, na Bi Ngan aliyesimama nyuma yake akagonga ubao wa lango kwa vidole viwili: ngo, ngo.

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.