Mwenge Alioutupa Nyamizi

Hapo zamani, watu walipokuwa hawajajua kukataa, waliishi kama siafu. Pembe ya mtemi ililia, wakalima. Ikalia, wakala. Ikalia, wakalala. Ukimuuliza mtu kwa nini, alikutumbulia macho tu.

Kila kiangazi walichoma nyika ili kuwatoa wanyama mafichoni. Mmoja alishika mwenge, wengine wakawasha kutoka kwake. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Nyamizi. Mumewe, Mihambo, akamnong'oneza, "Mwenzangu, upepo umegeuka. Unavuma kwenda kijijini."

Pembe ikalia. Mkono wa Nyamizi ukashuka wenyewe kwenye nyasi, kama ulivyozoea. Akautazama akashtuka. Kwani mkono huu ni wa nani? Papo hapo akautupa mwenge kwenye tope la kisima kilichokuwa kando.

Nyumba zikapona. Lakini wanyama wakatokomea, watoto wakalala njaa, na mtemi akaja juu.

"Anayeharibu mawindo huhama nchi hii," alisema. "Ila sema mkono uliteleza, nikusamehe. Mkono hauna kosa."

Mihambo akapiga magoti. "Mtemi, nifukuze mimi. Nisingetaja upepo, angewasha."

Kabula, bibi aliyemlea Nyamizi, akajikokota mbele. "Nifukuzeni mimi! Tangu utotoni, akivunja chungu nilimbana: nani kakivunja? Sikukubali kwamba kimevunjika chenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kujijua."

Mtemi akacheka. "Msijisumbue. Ni woga tu. Moyo ulimdunda, vidole vikaachia, basi."

Hapo Nyamizi akapandwa na hasira. "Woga? Woga tulikuwa nao sote! Mbona wenzangu walisimama wakingoja moto? Na nyie wawili, niacheni. Mume wangu, ulinipa habari, hukuniamulia. Bibi, swali lilikuwa lako, jibu ni langu. Msinipore hata kosa langu! Mwenge niliutupa mimi, Mtemi. Na upepo ukivuma vile kesho, nitautupa tena."

Mtemi akaweka pembe mdomoni, ailize ili watu wamtoe Nyamizi mbio hadi mpakani. Ikalia. Watu wakainuka nusu, wakasita, wakatazamana.

Haya, nyie mnaosikiliza, msiniangalie mimi. Yuko aliyeonya, yuko aliyelea, yuko aliyetupa. Je, nani alistahili kuhama? Na wewe ungekuwa pale, umeinuka nusu na pembe bado inalia, ungemsukuma Nyamizi?