Uso wa Mbuke Kwenye Shaba

Paukwa!

— Pakawa!

Moto?

— Unawaka.

Masikio?

— Yako wazi, bibi, tupe!

Basi sogeeni. Na aliye na sarafu kibindoni aishike polepole.

Hapo zamani, zamani za kale, katika nchi ya Usangwa, watu hawakuwa na sarafu. Walinunuliana kwa chumvi. Mvua ikanyesha, utajiri wa watu ukayeyuka ukaingia mchangani. Wakaiacha chumvi, wakashika shanga. Zikapendwa nyekundu, mara zikachukiwa. Zikapendwa za samawati, mara zikachukiwa. Watu wakabaki na vibuyu vya shanga ambazo hata mtoto hakuzitaka. Wakaziacha shanga, wakashika majembe. Jembe haliyeyuki, jembe halichukiwi, lakini jembe ni zito. Mtu aliyekwenda kununua fahali alibeba majembe kichwani mpaka shingo ikazama mabegani, na alipofika sokoni, fahali keshauzwa.

Mtemi wa nchi, jina lake Igulwa, akamwita mhunzi wake, Sagali.

"Sagali, nataka fedha ya kukaa kiganjani. Isiyeyuke, isichukiwe, isivunje shingo."

"Itakuwa ya shaba, Mtemi. Lakini juu yake nichore nini?"

Kwanza akachora jembe. Watu wakacheka: "Jembe gani hili lisilolima?" Akachora ng'ombe. Wazee wakagombana siku tatu: pembe hizi ni za ng'ombe wa ukoo gani? Sagali akarudi kwa Mtemi, akasema, "Basi nichore uso wako."

Mtemi akaruka kitini. "Uso wangu? Nishikweshikwe na kila mkono mchafu sokoni? Hapana! Chora uso wa mtu asiye na ukoo hapa, pasiwe na wa kugombana."

Sagali akaitikia, maana alimjua mtu wa namna hiyo. Alikuwa nyumbani kwake. Alikuwa mkewe, Mbuke.

Mbuke aliletwa Usangwa akiwa mdogo, mwaka wa njaa, mgongoni kwa wapita njia. Waliomleta wakaenda zao, na hakuna aliyekuja kumwulizia. Alikuwa na mwanya, na akicheka mashavu yalibonyea vishimo viwili. Mungu alikuwa amempa binti mmoja, Holo, wa miaka mitatu.

Sagali akamtazama mkewe akisaga mtama. Akamtazama akichekecha unga. Akamtazama amelala. Hakumwambia kitu.

Akafinyanga kalibu ya kumiminia shaba kwa udongo wa mtoni. Ikapasuka. Akafinyanga kwa udongo wa kichuguu. Ikapasuka. Ukabaki udongo mweupe wa bwawa la Fundichuma, ambao wahunzi walikatazwa tangu enzi za mababu. Mnamjua fundichuma? Ni yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, asimamaye ukingoni akitazama majini tangu asubuhi, kama mtu anayemtafuta mtu.

Sagali akapiga goti, akatia mkono bwawani.

"Sagali, Sagali! Chota maji, acha udongo," ndege akaita.

Sagali akachota konzi ya kwanza.

"Sagali, Sagali! Udongo huu hukumbuka nyuso."

Sagali akachota konzi ya pili.

"Sagali, Sagali! Unachokichukua si chako."

Sagali akachota konzi ya tatu, akafunga mzigo wake, akaenda zake.

Kalibu ile haikupasuka. Zikatoka sarafu mia tatu, na katika kila moja Mbuke alikuwa akitabasamu, na mwanya wake, na vishimo vyake. Kabla ya kwenda kula, Sagali alizigeuza zote kifudifudi. Hakupenda zilivyokuwa zikimtazama.

Siku ya soko ikafika. Mbuke hakwenda, alibaki nyumbani akichekecha unga. Jua lilikuwa utosini. Akahisi dole gumba likipita shavuni mwake.

Akageuka. Hakuna mtu. Holo alikuwa kule mbali, anacheza na kibuyu.

Dole likapita tena, lina jasho, linanuka samaki mkavu. Likaja jingine, la ugoro. Likaja jingine, la samli. Yakaja makumi kwa makumi, kwenye kope, kwenye midomo, na masikioni mwake sauti za watu: "Ongeza!" "Punguza!" "Haya, chukua!" Mbuke akajifunika nguo gubigubi. Madole yakapita chini ya nguo.

Soko la pili, aling'atwa. Alikuwa ameinama anaokota kuni, akapiga ukelele, na Holo akaona alama za meno mawili kwenye paji la uso la mama yake. Soko la tatu, kinywa kilimjaa udongo. Akatema, akatema, hakutoka kitu. Na siku ileile, jua likiwa bado linawaka, shavu lake la kushoto likashikwa na mkono wa baridi. Mikono mingine ilikuja ikapita. Mkono huo haukupita. Ulifumbata shavu lake, ukatulia hapohapo, kesho ukawa upo, na keshokutwa ukawa upo.

Mbuke akaacha kutoka nje. Na Sagali hakuingiza sarafu nyumbani hata siku moja.

Miezi ikaenda. Shaba ikishikwa sana husuguka. Vishimo vya mashavu vikafutika. Nyusi zikafutika. Pua ikaanza kulala, ikalala, uso ukabaki laini unang'aa. Sagali akawa anakula akitazama ukuta.

Asubuhi moja Mbuke alimwinua Holo amnawishe. Mtoto akamtazama, akaanza kulia.

"Mama yuko wapi?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Sauti ni ya mama," Holo akasema. "Mama yuko wapi?"

Mbuke akamweka mtoto chini taratibu. Akaenda mpaka kiwandani kwa mumewe, akasimama mbele ya mivukuto.

"Baba Holo, nimepatwa na nini?"

Sagali akafungua mkono, na mkononi mlikuwa na sarafu. Mbuke akaichukua, akaona mwanamke asiye na pua.

"Kwa nini uso wangu?"

"Mama Holo..." Sagali akatazama mivukuto. "Kwa sababu hakuna ukoo ambao ungelalamika."

Mbuke hakulia. Akaifunga ile sarafu kwenye pindo la nguo, akaenda bwawani.

Fundichuma hakugeuza kichwa. "Mbuke, nimekungoja."

"Nifanyeje?"

"Kilichotoka kwenye udongo kirudi kwenye udongo. Zikusanye uzitupe humu. Lakini kila moja upewe kwa hiari. Utakayoinyang'anya, alama ya kunyang'anya itabaki usoni pako."

Siku ya soko Mbuke akaenda, uso wazi. Soko likanyamaza, hata mbuzi. Watu wakamtazama yeye, wakatazama viganja vyao, wakamtazama yeye.

"Jamani," akasema, "nimekuja kuomba uso wangu."

Palikuwa na mjane mmoja aitwaye Ngollo, muuza samaki. Huyo ndiye aliyetangulia. Aliifuta sarafu yake kwa upande safi wa nguo, na Mbuke akahisi kitambaa laini kikipita shavuni.

"Nisamehe mikono yangu, mwanangu. Sikujua kuna mtu humu."

Akaja kibabu mwenye meno mawili. "Nilitaka kujua kama ni shaba kweli."

"Sasa unajua, babu."

Akaja mchoyo mmoja, akiwa amefukua sarafu zake chini ya mafiga. Alikuwa analia. Alizililia sarafu zaidi ya alivyomlilia Mbuke, lakini alizitoa. Wakaja wengine, na wengine, kapu likawa zito.

Yakabaki makubwa: mfuko wa ngozi wa Mtemi. Mbuke akaenda ikulu.

"Nchi hairudi kwenye majembe," Mtemi akasema. "Nenda kwa amani."

"Nitakwenda, Mtemi. Lakini toa moja uishike." Mbuke akampa mgongo. "Sasa kidole chako kiko kwenye jicho langu la kulia. Sasa kimeshuka mdomoni. Sasa unabonyeza."

Akageuka. Kwenye mdomo wake palikuwa na alama mbichi ya ukucha.

"Wewe ulikataa kushikwa na kila mkono, Mtemi. Mimi sikuulizwa."

Sarafu ikamponyoka Mtemi. Akausukuma mfuko mzima. "Chukua. Lakini watu watanunua kwa kitu gani?"

"Mhunzi wako aponde shaba kwa nyundo, asitumie kalibu. Na katikati, pale alipoweka uso, atoboe tundu."

Zikawa zimerudi zote, kasoro moja. Wakaiulizia nchi nzima, mpaka Ngollo mwenyewe akasema kwa sauti ndogo, "Marehemu mume wangu alikufa ameishika. Tulijaribu kumfungua vidole, vikakataa. Tukamzika nayo."

Mbuke akalishika shavu lake la kushoto.

Sagali akanyakua jembe. "Nitafukua."

"Weka chini," Mbuke akasema. "Nani amemwuliza yule? Umekwisha kuchukua cha mtu asiyeulizwa. Mara moja yatosha."

Akaenda bwawani na Holo mgongoni. Akatupa konzi ya kwanza, pua ikainuka. Akatupa konzi ya pili, nyusi zikaota. Akamwaga kapu zima, na Holo akachungulia begani, akamwona mama yake majini, akacheka, na mama akacheka. Kishimo kikabonyea shavu la kulia. La kushoto halikubonyea. Mkono ulikuwa bado upo. Hapo fundichuma akafumba macho, na katika Usangwa yote hakuna aliyewahi kumwona akiyafumba.

Mbuke hakurudi nyumbani kwa mhunzi. Alikwenda kwa Ngollo, na Ngollo akasimama sokoni katikati ya samaki wake akapaza sauti: "Huyu ni binti yangu! Mwenye ugomvi naye aje kwangu!"

Sagali akafua sarafu zenye tundu, watu wakazitunga kwenye kamba, biashara ikaenda. Na kila siku ya soko, akimaliza kazi, alikwenda kusimama mlangoni kwa Ngollo, macho chini, akauliza, "Mama Holo, nikutazame?"

Siku nyingine Mbuke alisema, "Tazama." Siku nyingine alisema, "Leo hapana," naye Sagali akageuka akaenda zake.

Mbuke aliishi miaka mingi. Alilalia ubavu wa kulia tu, na watu wanasema hata juani, ukimbusu shavu la kushoto, midomo yako ilipata baridi.

Basi wanangu, uso wa mtu si mali ya anayeuona. Asiye na wa kumsemea, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Nami nilipita Usangwa, nikapewa sarafu moja nikanunue ugoro. Nikachungulia kwenye tundu lake, nikaona jicho linanichungulia. Nikauacha ugoro, nikaiacha sarafu, nikaja mbio mpaka hapa motoni. Aliyenisikia amsimulie mwenzake. Asiyeniamini akachungulie mwenyewe. Moto wangu nimeufunika.