Moto wa Mama Saruli

"Nipe huo mwenge, Hansa."

"Sikupi."

"Wewe ni mwanamke. Tangu lini mwanamke akawasha moto wa maiti?"

"Tangu baba alipokufa, na wewe hukuonekana. Ule nani aliuwasha? Si mimi?"

"Na ulipouwasha, mlima ukaanguka! Waulize watu hawa kama nasema uongo."

Watu wengi waliinamisha macho.

Kundan na dada yake Hansa walikuwa wamesimama kando ya mto, chini ya kilima cha Devkhal, wote wawili wameshika mwenge mmoja. Mbele yao, juu ya kuni, alilala mama yao Saruli ndani ya sanda nyeupe. Huko juu milimani mvua ilikuwa inanyesha, na mto ulikuwa unapanda. Maji yalikwisha kufika kwenye mawe yaliyoshikilia kuni. Moto usipowashwa upesi, mto ungemchukua mama kama unavyochukua magogo. Na watu wa Devkhal wanaamini kwamba maiti asiyechomwa hana njia ya kwenda. Roho yake hubaki ikizunguka nyumba za watu, inagonga, haifunguliwi.

Anayewasha moto ni mmoja tu. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mtoto wa marehemu mbele ya Devi, mungu mke wa kilima kile.

"Na mimi je?" sauti ikauliza nyuma yao.

Alikuwa Madho, mpiga ngoma, mkono wake wa kulia umefungwa matambara yenye damu.

"Wewe?" Kundan akasema. "Kapige ngoma yako."

"Kwa mkono upi, kaka?"

Kundan akauvuta mwenge upande wake.

Sasa niwaambie watatu hawa ni nani, na kila mmoja alikuwa na nini.

Kundan alikuwa na mgongo. Kazi yake ilikuwa kubeba mahujaji wazee kwenye kikapu na kuwapandisha kwenye mahekalu ya mbali, mzigo umening'inia kwa ukanda kwenye paji la uso wake. Alikuwa akienda huko miaka mingi na kurudi kwa nadra. Baba yake alipokufa, habari zilimkuta njiani na mzee wa watu mgongoni.

Hansa alikuwa na sauti. Aliolewa, akafiwa na mume, akarudishwa kwao. Tangu hapo yeye ndiye aliyemwosha mama, akamlisha, akamsikiliza akikohoa. Alijua visa vyote vya kilima kile, na alipovisimulia hata watoto wenye njaa walinyamaza.

Madho alikuwa na masikio. Alizaliwa katika ukoo wa wapiga ngoma, ambao hawaruhusiwi kuvuka ukuta wa ua wa hekalu la Devi, juu ya kilima. Mama yake alikufa akimzaa. Wanawake wote walifunga milango. Saruli, ambaye wakati huo alikuwa akimnyonyesha Kundan, alimchukua yule mtoto akamwekea ziwa la pili. Watu walimsema hadi wakachoka. Madho akakua akisikia vitu ambavyo wengine hawavisikii: maji chini ya ardhi, na jiwe kabla halijaanza kuanguka.

Mwaka ule ule baba alipokufa, mvua ziliuvunja mlima. Nyumba za upande wa chini zilifukiwa na watu wake ndani, na njia ya kwenda hekaluni ikawa tope na mawe matupu. Saruli alikuwa mgonjwa tayari. Kundan aliposikia habari za maporomoko, alirudi. Mama akawaambia:

"Nina nadhiri kwa Devi. Kundan alipokuwa mdogo na homa, niliahidi nitaijaza taa yake samli ya ng'ombe wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeahirisha mpaka nimezeeka. Msiache nife na nadhiri shingoni."

Basi wakampandisha.

Kundan alimbeba. Tope lilimfika magotini na ukanda ukamchuna paji la uso mpaka damu ikamwingia machoni. Hakumtua mama hata mara moja, maana mahali pa kumtua hapakuwapo. Mama, kikapuni, kibuyu cha samli kifuani, alimtania: "Kundan, hao mahujaji wako wanakulipa kwa hili? Unanitikisa kama maziwa ya kutoa siagi." Kundan alicheka, akalia, akaendelea kupanda. Bila mgongo ule, mama asingetoka hata uani.

Madho alitangulia. Aliweka sikio kwenye mwamba, akasema piteni hapa, wakapita. Akasema simameni, wakasimama, na mawe yakashuka mbele yao kama ng'ombe waliofunguliwa. Mara moja jiwe lilikuja bila kumpa nafasi ya kusema. Akamsukuma Kundan pembeni, na mkono wake mwenyewe ukabaki chini ya lile jiwe. Vidole vile havitapiga ngoma tena. Akavifunga, akaweka sikio kwenye mwamba mwingine. Bila masikio yale, wote wangekuwa chini ya mawe.

Hansa alitembea nyuma, uso wake karibu na uso wa mama. Baridi ilikuwa kali, na mama alianza kusinzia usingizi usio na kuamka. Kwa hiyo Hansa akasimulia. Kila walipopita kihekalu, hata kilichobaki nguzo moja, alitoa kisa chake: hapa nyoka alimkinga mtoto na jua, hapa mfalme aliacha viatu vyake asirudi. "Halafu?" mama akauliza, na alipouliza alikuwa hai. Hansa hakujeruhiwa popote. Kundan amelirudia neno hilo mara nyingi. Lakini bila sauti ile angefikisha maiti.

Kisa cha mwisho kilikuwa cha Devi mwenyewe. Alipita Devkhal akiwa bibi harusi, usiku wa theluji, akagonga akiomba moto. Nyumba ya kwanza ilimuuliza, "Baba yako nani?" Ya pili ikamuuliza, "Wewe wa ukoo gani?" Ya tatu, mwanamke akamtolea makaa kwenye viganja vyake vitupu bila kumuuliza kitu. Makaa yale ndiyo taa ya hekalu, na haijazimika tangu hapo. Kila moto wa maiti Devkhal hutoka kwenye taa ile.

"Halafu?" mama akauliza.

"Halafu tumefika, mama."

Saruli akaijaza taa samli kwa mkono wake. Akafia pale pale mlangoni. Asubuhi wanaume wakamshusha mtoni, na kuhani wa hekalu akashuka na moto wa Devi ndani ya chungu.

Huo ndio moto waliokuwa wakiugombania.

"Mabega yako ya kukodishwa!" Hansa alimwambia kaka yake. "Umebeba wazee wa nchi nzima, mama yako umembeba siku moja."

"Na wewe ulimbeba kwa mdomo?"

"Mimi sina la kusema," Madho akasema. "Nilinyonya kifua kile kile. Basi."

Kuhani akawanyang'anya mwenge. Akamtazama mwana wa kiume, ambaye sheria iko upande wake. Akamtazama binti, ambaye watu wanaogopa mkono wake. Akamtazama mpiga ngoma, ambaye kwa mkono wake mbovu hata kazi ya ukoo wake hana tena. Maji yakagusa kuni za chini. Mwenge ukaanza kufifia.

Ninyi mnaosikiliza, kama mwenge ungekuwa mkononi mwenu, mngempa nani? Msiniambie waushike wote watatu. Devkhal wanataka mkono mmoja, na mto haungoji.

Lakini kabla hamjajibu, kuna jambo moja sijawaambia. Pale hekaluni, kabla hajafumba macho, Saruli alimtazama Kundan, akamtazama Hansa, akamtafuta Madho ng'ambo ya ukuta mpaka akamwona. Halafu, kichwa chake kikiwa kwenye kizingiti cha mlango, akasema:

"Nasikia baridi. Nani atanikokea moto?"