Jibini ya Fisi na Mama Mkwe Wake

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa jibini!
Kaila nani?
Sema wewe, sisi tunasikiliza!

Basi alikuwepo Fisi, figo zake mbovu, miguu imemvimba. Mganga Kobe akamwambia, "Jibini ina chumvi nyingi. Utakula kipande kama ukucha, mara moja kwa wiki. Ukizidisha, utakufa." Kazi ya kukata kipande akapewa Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, fundi wa kugandisha jibini.

Wiki ya kwanza Sange akakata ukucha. Fisi akameza, gulu! "Ongeza!" Wiki ya pili, gulu! "Ongeza!" Wiki ya tatu Fisi akamkanyaga Sange mkia. "Leo lete jibini nzima. Usipoleta, nakula wewe."

Moyo wa Sange, du-du, du-du. Asipoleta, ataliwa. Akileta, Fisi atakufa, na ndugu zake Fisi watamla yeye.

"Naileta, bwana mkubwa. Iko nje, inachujwa maji."

Akatoka mbio, piti-piti-piti, mpaka kwa mama mkwe wa Fisi.

"Shikamoo, mama. Mkweo anaumwa, na wewe hujaja kumjulia hali!"

"Marahaba. Ala! Mbona sijaambiwa?" Mama akajitanda kanga, wakaondoka.

Sange akatangulia ndani, akaiweka jibini mkekani. Fisi akapanua domo, aaah...

"Hodi humu ndani!"

Domo likafungika, kwap! Kwao mwanamume hatafuni mbele ya mama mkwe, hata njaa imuue. Mama akaketi mkekani, ubavuni mwa jibini.

"Pole, mkwe wangu. Siondoki mpaka upone."

Fisi akatokwa udenda, tiririri. Kila wiki Sange alimpitishia ukucha wake nyuma ya mlango. Iliyobaki akala Sange, akala mama mkwe. Lakini Fisi alimtazama Sange kwa jicho baya, na kila akimtazama, Sange alibanwa na mkojo kwa hofu.

Miguu ya Fisi ikanywea. Kobe akaja, akampapasa, akasema, "Amepona kabisa!"

Mama mkwe akaanza kufunga mzigo wake. Sange alipoona fundo la kwanza, hakungoja la pili. Piti-piti-piti, shimoni! Mpaka leo yumo humo, anachomoza pua tu.

Hadithi yangu imeisha; mwenye masikio aondoke nayo, mwenye njaa akaangalie jikoni. Na funzo lake, wanangu: mgonjwa wako muuguze kwa moyo wote, ila angalia asipone kabisa.